Alizungumza, akala, akalala: kwa nini mdogo wangu hakuamka?

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, alianguka na bodaboda saa moja usiku. Alikuwa abiria na hakuvaa helmeti. Dereva anasema alizimia kama dakika mbili, kisha akaamka mwenyewe. Kituo cha afya walimsafisha michubuko ya mkononi, wakampa dawa ya maumivu, akarudi nyumbani. Alikula, akatusimulia ajali ilivyokuwa, akasema kichwa kinamgonga, saa nne akaenda kulala. Mama alipopita mlangoni saa saba usiku alimsikia anakoroma kwa nguvu, akashukuru kwamba mtoto amepata usingizi. Alfajiri tukamkuta amefariki. Daktari wa mochwari ameandika kwamba fuvu lilikuwa na ufa upande wa kulia juu ya sikio, damu imevilia ndani upande huohuo, na ubongo umechubuka upande wa kushoto. Jicho la kulia lilikuwa jeusi. Baba mdogo aliyeosha mwili aliona mshono kutoka sikio hadi sikio. Sasa ukoo umegawanyika. Wengine wanasema alipigwa, maana mtu hawezi kuangukia upande mmoja akaumia pande mbili, na wanataka kaburi lifukuliwe. Mama hasemi na mtu, anarudia tu kwamba alimwacha mwanawe alale akafa. Je, alipigwa? Na tusingemwacha alale, angepona?"

Marahaba, na pole sana wewe na familia nzima. Kabla sijaingia kwenye fuvu na mifupa, nianze na mama kwa sentensi moja, nitarudi kwake baadaye: usingizi haukumuua mwanawe. Kilichomuua kilianza saa moja usiku pale barabarani, na kingeendelea hata kama angekaa macho anazungumza.

Tuuondoe kwanza mshono, kwa sababu najua ulivyowashtua. Ule ni wa kwetu sisi madaktari. Ili kuufikia ubongo tunapasua ngozi ya kichwa kuanzia nyuma ya sikio moja, tunapita juu utosini hadi nyuma ya sikio la pili, tunaikunjua ngozi mbele na nyuma, kisha tunakata fuvu kwa msumeno. Tukimaliza tunarudisha kila kitu na kushona, na mkato tunaupitisha kwenye nywele makusudi ili uso ubaki kama ulivyokuwa. Baba mdogo hakukosea kuuona, ila hakuwa na mtu wa kumweleza kabla hajashika maji ya kuosha. Kukunjua ngozi kule kuna faida kubwa kwa swali lenu, kama utakavyoona.

Sasa hili la pande mbili. Ndugu zako wanafikiri hivi: palipoumia ndipo palipopigwa, kwa hiyo kama kulia kuna ufa na kushoto kuna mchubuko, basi kulikuwa na mapigo mawili. Kwa mkono au mguu wangekuwa sahihi. Kwa kichwa si hivyo, kwa sababu ubongo haukushikamana na mfupa. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, ni laini kuliko parachichi lililoiva sana, na umelala ndani ya maji ukiwa umefungwa kwa tando tatu. Mtu anapoanguka kutoka kwenye pikipiki, fuvu na ubongo vinasafiri pamoja kwa mwendo mmoja. Lami inalisimamisha fuvu papo hapo. Ubongo bado una mwendo wake. Upande wa kulia, uliofika chini kwanza, unajibana kwenye mfupa. Upande wa kushoto, ulio mbali na lami, unaachana na mfupa wake kwa kitambo kifupi sana, mgandamizo pale unashuka ghafla, na vishipa vidogo vya damu vinapasuka. Ndiyo maana mtu akiangukia kulia, mara nyingi mchubuko mkubwa wa ubongo tunaukuta kushoto.

Kichwa kinachotembea kikasimamishwa na lami si sawa na kichwa kilichotulia kikafuatwa na rungu. Kwenye kichwa kilichotulia, mchubuko mkubwa wa ubongo kwa kawaida huwa palepale chini ya pigo, na upande wa pili huwa salama au karibu salama. Kwa hiyo ile sentensi ya ripoti inayowatia wasiwasi, ufa kulia na mchubuko kushoto, ndiyo hasa inayoelekeza kwenye kuanguka. Kama daktari angeandika ufa kulia na ubongo umeharibika kulia peke yake, mimi ningeuliza maswali mengi zaidi.

Kuna jambo jingine la kuangalia, na hapa ndipo ngozi iliyokunjuliwa inapotusaidia. Mtu akipigwa na kitu kizito kichwani, hata kama nje hakuna jeraha na nywele zimefunika kila kitu, upande wa ndani wa ngozi huwa na damu iliyovilia. Ukiikunjua unaiona waziwazi, doa jekundu lililoiva kwenye nyama iliyokuwa ya rangi ya maziwa. Kwa hiyo kaitazameni ripoti kamili, si kile kikaratasi cha sababu ya kifo peke yake. Tafuteni mstari unaoeleza ngozi ya kichwa kwa ndani. Kama unasema damu imevilia kulia tu na kushoto ni safi, basi upande wa kushoto haukuguswa na rungu wala jiwe. Ubongo ulichubuka pale bila kitu chochote kugusa pale kutoka nje.

Jicho jeusi nalo limewapotosha, na si ninyi wa kwanza. Dari ya tundu la jicho ni mfupa mwembamba sana, na upande wake wa pili ndio sakafu ambayo ubongo wa mbele umelala juu yake. Ufa unaoanzia juu ya sikio unaweza kukimbia mbele kwenye sakafu ya fuvu hadi kwenye dari hiyo, na damu ikachuruzika polepole mpaka kwenye kope. Jicho linavimba na kuwa jeusi bila ngumi yoyote kulifikia. Angalieni ripoti inasema nini kuhusu ngozi ya nyusi na mfupa wa shavu: ngumi kwa kawaida huacha alama huko pia, damu inayochuruzika kutoka juu haiachi.

Hapo nimesema mengi yanayoonyesha aliangukia kichwa, na nayasimamia. Ila kuna kitu kichwa hakiwezi kusema, na ningekuwa nakudanganya nikikificha. Kichwa kinasema: nilikuwa kwenye mwendo, nikasimamishwa na kitu kigumu na kipana. Hakisemi nani alinisukuma. Mtu aliyeteleza kwenye mchanga na mtu aliyepigwa ngumi ya kidevu akaanguka chali wanaweza kuja mezani kwangu na ubongo unaofanana. Tofauti yao huwa iko nje ya fuvu: kwenye mikono, kwa sababu anayejikinga huumia viganja na mkono kati ya kiwiko na kiganja, kwenye ngozi, kwa sababu lami huparua kwa mistari inayoelekea upande mmoja na kuacha changarawe, kwenye pikipiki yenyewe, na kwa watu waliokuwapo. Mdogo wako ana michubuko ya mkononi iliyosafishwa usiku uleule, ana dereva aliyeanguka naye, na, zaidi ya yote, alirudi nyumbani akawasimulia kwa mdomo wake kwamba alianguka. Mtu aliyepigwa na kuwa na muda wa kuzungumza na mama yake na ndugu zake angelisema. Ushahidi huo wa mdomo mimi nisingeuweka chini ya ushahidi wa fuvu.

Kuhusu kaburi, mawazo yangu ni haya. Kufukua kunahitaji amri ya kisheria na hufanywa mbele ya polisi na daktari, si jambo la ukoo kuamua kikaoni. Kuna wakati ninaliunga mkono kwa moyo wote, kwa mfano mtu alipozikwa bila uchunguzi wowote. Hapa uchunguzi ulifanyika, fuvu lilifunguliwa, ubongo ulitazamwa. Katika joto letu ubongo ni miongoni mwa viungo vinavyoharibika mapema, hugeuka uji. Mtakachokipata ni ufa wa mfupa ambao tayari mnaujua, na ule mchubuko wa kushoto mnaobishania hautakuwapo tena. Mimi nisingefukua. Ombeni polisi nakala ya ripoti kamili, na picha kama zilipigwa, kisha mpelekeeni daktari mwingine wa patholojia, yaani anayechunguza miili kama huyo wa mochwari, aisome. Na muulize pia kama ubongo ulirudishwa wote. Wakati mwingine tunauloweka kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi, kwa wiki mbili hivi ili ukakamae na tuukate vipande vizuri. Sababu ya kifo ikionekana wazi kwa macho, mara nyingi hatufanyi hivyo. Kwa vyovyote vile familia ina haki ya kuuliza na kujibiwa.

Sasa nirudi kwenye swali lako la pili, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike.

"Damu imevilia ndani ya kichwa" ni maneno mapana mno. Damu ikiwa ndani ya nyama ya ubongo ni jambo moja. Ikiwa chini ya utando mgumu, ule wa nje kabisa kati ya zile tando tatu, ni jambo jingine, ndiyo ile inayowapata wazee walioanguka kidogo bafuni na wiki tatu baadaye wakaanza kuchanganyikiwa, watu wakasema ni uzee. Ya mdogo wako, kwa jinsi unavyosimulia na kwa mahali ulipo ufa, karibu hakika ilikuwa kati ya mfupa na utando mgumu. Mfupa wa panja, hapo juu na mbele ya sikio, ni mwembamba, na kwa ndani umechongwa mfereji ambamo ateri inapita imebanana na mfupa. Mfupa ukipasuka, ateri inakatika nao. Damu inatoka kwa nguvu ya mapigo ya moyo na kuanza kuubandua utando kutoka kwenye mfupa, kidogo kidogo, kwa sababu utando ule umegandamana sana. Kule kubandua ndiko kunakochukua muda. Tukifungua tunakuta bonge la rangi ya ini, nene katikati na jembamba pembeni kama nusu ya andazi, na ubongo chini yake umebonyea ukafuata umbo lake.

Kwa nini basi alikula na kuzungumza? Fikiria daladala. Fuvu la mtu mzima halitanuki hata kidogo; ndani mna ubongo, damu na maji, basi. Madaktari wawili wa Uskoti, Monro mwaka 1783 na Kellie mwaka 1824, ndio walioieleza kanuni hii ambayo bado tunaitumia: kikiongezeka kimoja, lazima kingine kipungue. Damu ya kwanza ilipoingia, maji ya ubongo yalisogea kuelekea kwenye uti wa mgongo. Ilipoongezeka, damu ya kwenye mishipa ya vena ikakamuliwa nje. Konda anasema sogeeni nyuma kuna nafasi, na kweli watu wanasogea. Abiria wa ishirini, wa thelathini, wa arobaini wanaingia na gari linakwenda. Mdogo wako alikuwa katika hali hiyo alipokuwa anakula. Kisha anafika abiria ambaye hakuna tena pa kumweka. Kuanzia hapo kila kijiko kimoja cha damu kinapandisha mgandamizo kuliko vijiko kumi vya mwanzo, na mtu anabadilika ndani ya muda mfupi. Bonge la mililita 100 hadi 150, yaani chini ya glasi moja ya maji, linatosha kuua.

Na kile alichokisikia mama saa saba, naomba ukisome taratibu. Mgandamizo ukizidi, ubongo unasukumwa chini kuelekea kwenye shina lake, linaloshikilia fahamu na pumzi. Fahamu inaondoka kwanza. Ulimi unalegea, koo linabanwa, na pumzi inatoa sauti nzito inayofanana kabisa na kukoroma kwa mtu aliyechoka. Pengine angemtikisa asingeamka. Lakini mama alisikia sauti ambayo kila mama duniani huisikia kama usingizi mzuri. Wahudumu wapya wa hospitali hufundishwa kuitofautisha, na hata wao hukosea.

Watu wengi wanaamini kwamba aliyeumia kichwa akilala ubongo unazima, hivyo akeshwe kwa nguvu. Si kweli. Kulala hakuongezi damu wala mgandamizo unaotokana nayo. Ubaya wa usiku ni kwamba unaficha dalili: mtu anayezimika taratibu akiwa sebuleni, mnamwona, akiwa kitandani gizani, hamumwoni. Imani nyingine niliyoikuta sehemu nyingi ni kupima hatari kwa damu ya nje, kwamba isipotoka puani na masikioni basi mtu yu salama, au kinyume chake, kwamba isipotoka imeingia ndani. Zote mbili hazina msingi. Ngozi ya kichwa inatoka damu nyingi kwa mkato mdogo, na ateri ya ndani inakatika pasipo tone moja kuonekana.

Angepona? Sitakudanganya ili nikufariji. Aina hii ya damu ndiyo miongoni mwa majeraha ya kichwa yanayotibika vizuri zaidi, kwa sababu ubongo wenyewe mara nyingi haujaumia sana, unabanwa tu. Mtu aliyezungumza kama yeye hakuwa na ule uharibifu mkubwa wa nyuzi za ubongo unaomfanya mtu asiamke kabisa tangu dakika ya ajali. Picha ya CT, ile ya eksirei za kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa, ikionyesha bonge linalozidi mililita 30, fuvu linafunguliwa na damu inatolewa, na wengi wanaofanyiwa wakiwa bado na fahamu hurudi kwenye maisha yao. Kwa hiyo saa mbili usiku, au saa nne, nafasi ilikuwapo na ilikuwa kubwa. Saa saba ilikuwa imeshapungua sana, hata kama chumba cha upasuaji kingekuwa mlango wa pili.

Nani basi alipaswa kuiona nafasi hiyo? Aliyesomea. Mimi nimesikia upande wenu tu na sijaona faili, hivyo sitahukumu. Lakini mtu aliyeanguka na pikipiki bila helmeti, akazimia, kisha anasema kichwa kinamgonga, alistahili kubakizwa kituoni na kupimwa fahamu kila nusu saa kwa saa mbili za mwanzo, kisha kila saa, au kupelekwa penye CT. Kipimo cha fahamu hakihitaji mashine. Kilitengenezwa Glasgow mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, na kinatazama mambo matatu tu: macho yanafunguka namna gani, anajibu nini, anasogeza viungo vipi. Alama ni kuanzia 3 hadi 15, na kushuka kwa alama mbili usiku ule kungewaambia kila kitu. Mkitaka hili lichunguzwe, malalamiko huanzia kwa mganga mkuu wa wilaya, na yanaweza kufika Baraza la Madaktari Tanganyika. Chukueni na PF3 yake, ile fomu ya polisi ya majeruhi.

Wala msidhani haya hutokea kwa wasio na uwezo tu. Machi 2009 mwigizaji wa Uingereza, Natasha Richardson, alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Mont Tremblant, Kanada. Aliinuka, akasema yuko sawa, gari la wagonjwa likaja na kurudishwa. Siku mbili baadaye alifariki New York, na mchunguzi wa vifo wa jiji hilo akatoa sababu ileile: damu kati ya fuvu na utando.

Nyumbani kwenu bado kuna vijana wanaopanda bodaboda, kwa hiyo hili ubakie nalo. Aliyeumia kichwa akizimia hata sekunde chache, akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupoa, akichanganya maneno, mkono au mguu ukilegea, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akitokwa na maji mepesi puani au sikioni, hiyo ni hospitali kubwa usiku huohuo. Dar es Salaam upasuaji wa ubongo unafanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Mikoani anzeni hospitali ya rufaa. Asiye na dalili hizo anaweza kulala, mtu mzima mmoja akiwa naye chumbani, na amwamshe mara chache usiku mpaka ataje jina lake na mahali alipo. Asipoamka vizuri, msisubiri kupambazuke.

Mama yako nisingemwachia barua hii aisome mwenyewe. Kaa naye, mweleze la ateri na mfupa wa panja, kwa mkono, ukimwonyesha kwenye kichwa chako mahali ulipokuwa ufa. Kama hali chakula, halali, au anasema hana sababu ya kuishi, mpeleke hospitali aonane na daktari wa afya ya akili wiki hii, hata kama sheikh au mchungaji tayari anakuja nyumbani. Habari ya kukoroma usimwanzishie. Akiuliza mwenyewe, mjibu kweli, kwamba ile ilikuwa sauti ya mtu aliyekwishapoteza fahamu na kwamba hata muuguzi angeweza kupita. Kisha umwambie na hili, kwa sababu nalo ni kweli: mtu aliyefika hatua ile hasikii tena maumivu, na mara ya mwisho mwanawe kuwa na fahamu zake alikuwa nyumbani, ameshiba, anazungumza nanyi.